Jaketi la Ndwiga

Makandi ni binti ya mama yangu mdogo. Haya alinisimulia jikoni kwetu Nkubu akichambua maharagwe, bila kuinua macho.

Mwaka juzi mchumba wake, Ndwiga, alipanda Mlima Kenya na rafiki yake Gachoki wa Runyenjes. Gachoki akarudi peke yake. Alisema ukungu uliwatenganisha. Watu walitafuta mpaka wakachoka, mwili haukupatikana.

Mwaka huu Makandi akataka kwenda kumwombea Ndwiga huko juu. Gachoki akakubali kumwongoza Makandi pamoja na Purity, rafiki wa Makandi wa kwaya. Safari ilikuwa njema. Walipika chai, wakaimba, wakamcheka Purity alipoteleza matopeni. Asubuhi ya mwisho, jua likiwaka, wakafika Lenana, mahali pa juu kabisa nchini ambapo mtu hufika bila kamba. Purity akapiga picha. Makandi akafumba macho aombe.

Alipoyafumbua, ukungu ulikuwa umewafika magotini.

"Nani huyo anapanda?" Purity alinong'ona.

Mawe yalikuwa yakiporomoka upande usio na njia. Hatua moja. Kimya. Hatua nyingine. Kisha ikaja sauti ambayo Makandi angeitambua popote.

"Gachoki. Nasikia baridi."

Gachoki akapiga magoti. Akachomoa kutoka kwa begi jaketi la kijani, jaketi la Ndwiga. "Nimemrudishia," alisema akimshika Makandi mkono. "Mwambie aniache. Nilikuwa naganda. Nilidhani yeye amekwisha."

"Ulipomvua alikuwa hai?"

Kwa mkono mwingine Gachoki akalilaza jaketi juu ya mawe.

"Gachoki. Alikuwa hai?"

"Alikuwa ananiita."

Makandi akauondoa mkono wake. Hakulia. Jaketi lilikuwa limeinuka kutoka kwenye mawe. Mkono mmoja ukajaa. Kisha wa pili. Likasimama mbele yao, halina kichwa, likingoja.

"Ndwiga," Makandi alisema polepole, "hilo peke yake halitoshi. Chukua na joto lake."

Jaketi likamkumbatia Gachoki. Halikukaa sana. Likamwachilia, likateremka upande ule wa mawe, bila haraka, mpaka ukungu ukalifunika. Gachoki alifungua mdomo apige kelele. Hakukutoka sauti.

Walimshusha akiwa hai. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote.

"Na hujutii?" nilimuuliza Makandi.

Akatupa haragwe bovu. "Namwombea aishi sana."

Sikumwamini. Jumapili nikashuka mpaka Kiritiri, kule Mbeere ambako Gachoki amehamia kwa shangazi yake, ambako jua la mchana huwafukuza hata mbuzi. Nilimkuta ameketi juani kwenye stuli, amejifunika blanketi tatu, meno yakigongana. Hakuweza kuzungumza. Baadaye aliinuka, akajikokota ndani.

Nikaitazama ile stuli. Ilikuwa nyeupe kwa barafu. Kuku wa shangazi yake walikuja mbio, wakaanza kuidonoa, kama waliozoea.