Mayai ya Jumuiya na Lugha ya Mashine

Kila asubuhi, Lukresia akishalisha kuku wake, huingia chumba cha nyuma kutazama mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku la mbao lenye balbu za kutia joto na kompyuta ndogo iliyo kwenye chipu moja. Chipu hiyo ndiyo huziwasha balbu, baridi ikizidi, na kuzizima, joto likizidi. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa hapa Kibara, wilayani Bunda, humletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, kila mmoja na jina lake kwa mkaa juu ya ganda. Yai la mtu si la kuchezea. Ndani yake mna sare ya mtoto na kitoweo cha mgeni.

Asubuhi moja alifungua mlango, hewa ya moto ikampiga usoni. Balbu zote zilikuwa zinawaka. Mayai yalishikika kama viazi vilivyotoka chunguni.

"Isaya! Njoo uone!"

Isaya ni mwanawe, amesoma chuo, na ndiye aliyeiandikia mashine programu, yaani maagizo yake ya kazi. Aliikuta chipu imekwama. Vifaranga wote walikuwa wamekufia ndani ya maganda.

Habari mbaya haina breki. Jua halijapanda vizuri, jirani yao Mama Masatu alikuwa uani, mikono kiunoni.

"Lukresia, nilikupa mayai ya kutotolesha. Sikukwambia unichemshie!"

Lukresia aliwaza mbali. Wanawake wakiacha kumwamini, kazi imekufa, na kanisani atasengenywa.

Alimpigia simu wifi yake Flora, fundi wa elektroniki anayekaa Kamunyonge, Musoma. Kesho yake Flora alifika, akanywa uji, akaunganisha laptop yake na mashine.

"Shangazi, mwanzoni niliandika programu kwa lugha ya C," Isaya alisema kwa sauti ya chini. "Wenzangu kwenye grupu wakanicheka, eti lugha ya wazee. Nikahamia lugha yao, Python. Na hawa akina mama walikuwaga wanauliza kila siku, mayai yangu yanaendeleaje? Nikaona vibaya kuwanyima. Nikaiambia mashine itunze vipimo vya joto kwa jina la kila mmoja, iwatumie ujumbe."

Flora alicheka kwa upole. "Moyo wako mzuri, mwanangu, ila umemtwisha mtoto mchanga gunia la pamba. Memori ya chipu hii, yaani nafasi ya kutunzia mambo, ni ndogo. Imejaa vipimo, programu ikasimama. Balbu zilikuwa zinawaka, zikabaki hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hiyo Python ni mbaya?" Lukresia aliuliza.

"Hapana, wifi. Lugha haipendwi bure, wala haiachwi bure. Mafundi wa kwanza walikuwaga wanaandikia kila aina ya chipu kwa maneno yake yenyewe. Ukibadilisha chipu, unaanza upya. Wengi wakachoka, wakaziacha lugha hizo. C ilipokuja, ikawa nyepesi, na karibu kila kiwanda cha chipu kinatoa zana za kuitumia. Wanaoijua ni wengi. Ndiyo maana haizeeki."

"Na Python inapendewa nini sasa?" Lukresia aliuliza tena.

"Siku hizi chipu kubwa zimeshuka bei, na Python inafundishika haraka. Ila inataka nafasi. Iko nyingine, Rust. Yenyewe inakamata makosa mengi ya memori kabla programu haijaanza kazi. Inazidi kupendwa, lakini mafundi wake bado wachache, na nani ataachana na programu zote za zamani kwa siku moja?"

"C nayo ukikosea inakuangusha kimyakimya," Isaya alisema.

"Kabisa. Kwa hiyo usiulize lugha ipi ina sifa. Uliza chipu ina nafasi gani. Uliza ikisimama, nani ataumia. Na wewe ukipata kazi mbali, nani hapa Bunda ataitengeneza?"

Swali hilo la mwisho lilimwingia Lukresia. Alijua mwanawe hatakaa naye milele.

Waligawa kazi. Joto likabaki kwenye chipu ndogo, kwa programu fupi ya C. Waliwasha pia saa ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu: programu ikikwama, saa hiyo huianzisha upya. Ujumbe ukahamia kwenye bodi ya pili, kompyuta nyingine yenye nafasi kubwa, kwa Python. Kisha Isaya akamfundisha Lameck, fundi redio wa Bunda, kuitengeneza yote.

Lukresia alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kisha akaweka mayai ya kuku wake mwenyewe, maana hakutaka kuhatarisha ya mtu. Siku moja bodi ya ujumbe ilikwama, simu yake ikakaa bila ujumbe. Alikimbilia mashine. Balbu ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena, na joto halikuzidi wala kupungua.

Vifaranga walipototolewa, mlio wao ulisikika hadi barabarani. Mama Masatu alisimama mlangoni, kikapu mkononi, uso umekunjwa bado.

"Isaya, sasa umeweka lugha gani?"

"Mbili, mama. Ya zamani inatunza joto, mpya inatuma ujumbe."

"Na wenzako wakikucheka?"

"Wacheke tu, mama. Hawatotoleshi mayai yako."

Mama Masatu alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamkabidhi Lukresia kikapu chake cha mayai. Lukresia alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.