Kiazi Kilichogoma

Kila jioni Shangazi aliporudi kutoka chuo kikuu alikofundisha, alivua viatu mlangoni, akajibwaga kwenye kochi na kutangaza, “Leo kimekufa tena.”

Hakuna aliyempa pole. Nyumba nzima ilijua marehemu ni kichocheo, ule unga mweusi ambao profesa huyo aliuhangaikia miaka nenda rudi ili takataka za mashambani zigeuke upesi kuwa gesi ya kupikia.

“Kichocheo ni kama wewe penye ugomvi,” alimtania binti wa kaka yake. “Unawachochea wenzako, halafu unatoka bila hata mkwaruzo.”

Binti huyo walimwita Kisiki, maana akikataa jambo hang’oki.

Maonyesho ya sayansi ya shule yalipofika, Kisiki aliandaa kichocheo chake: kipande cha kiazi kibichi ndani ya dawa ya kusafishia vidonda. Nyumbani povu lilipanda hadi likamwagika mezani. Tatizo, kiazi kilichokatwa huanza kuwa cheusi. Kwa hiyo asubuhi alikata vipande vipya, akavichemsha kidogo. Vikabaki vyeupe, vya kupendeza wageni.

Alipojaribu kabla ya wageni kuingia, kimya. Hata tone la povu halikutoka.

“Tia magadi na siki chini kwa chini,” alinong’ona rafiki yake, Redio. “Povu ni povu. Nani atalionja?”

“Sitii.”

“Tutakosa kwenda mashindano ya wilaya! Darasa zima litatucheka!”

“Waache wacheke. Meno ni yao.”

Zamu yao ikafika. Kisiki akasimama mbele ya wazazi na walimu, akadumbukiza kiazi. Kikazama, kikatulia kama kimelala.

“Kimegoma,” akasema kwa sauti. “Sijui kwa nini. Lakini sidanganyi mtu.”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Basi kaa chini,” mwalimu wa sayansi akasema.

“Sikai, Mwalimu. Naomba nijue kwanza kimeuawa na nini.”

Kutoka nyuma, walikoketi wazazi, Shangazi akauliza, “Leo umekifanya nini ambacho jana hukukifanya?”

“Nimekichemsha, kisiwe cheusi.”

Shangazi akacheka mpaka machozi. “Joto! Hata mimi joto la tanuri ndilo lililoniulia vichocheo!”

Redio akachomoka mbio, akarudi na kiazi kibichi. Kisiki akaweka kibichi huku, cha kuchemsha kule. Huku povu likafurika, kule kimya. Waliocheka wakasogea kuchungulia.

“Hili ndilo onyesho,” akasema mwalimu. “Wilayani mtakwenda na viazi vyote viwili.”

Njiani Shangazi alimshika Kisiki bega. “Nikiwa mwanafunzi, mkubwa wangu wa maabara aliniagiza nizifiche siku zote ambazo kichocheo kilikufa, nionyeshe ile moja tu kilipofanya kazi. Nilikataa, akanifukuza maabara. Nikaondoka na maiti zangu, nikazichunguza kwingine. Ningezizika kimyakimya, ningejuaje kilichoziua? Mwanangu, anayeficha kosa lake anafukia na jibu lake. Wewe lisimamie, hata wakucheke.”

“Na wakinifukuza?”

“Ondoka na kiazi chako.”