Mod ya Watu wa Nyumba

Giza lilikuwa linaanza kuingia Ruiru nilipokwenda kwa cyber ya Sifuna kuchukua flash disk ya mume wangu. Zacharia alikuwa fundi wa mawe. Mchana kutwa anajengea watu Thika, jioni akirudi anakaa kwa laptop kujenga tena, kwenye gemu ile ya vibonge vya mraba ambayo unachimba, unakata miti, unajenga unachotaka. Ploti yetu yote alikuwa ameijenga mle: geti, tangi la maji, hata kamba ya nguo. Nilimwambia hizo ni akili za mtoto. Sasa alitaka kuweka mod, yaani vifaili vya kuongeza kwenye gemu vitu ambavyo haikuja navyo.

Stima ilikuwa imepotea. Sifuna hakuwepo. Nyuma ya kaunta alikaa mtu nisiyemjua, akinuka udongo mbichi.

"Ni ya Zacharia," akanong'ona akininyooshea flash kabla sijafungua mdomo. "Mwambie atoe kopi ya dunia yake ya gemu kwanza. Hii ikishaingia... haitoki."

Nilimwambia Zacharia. Alisikia? Aliweka ile programu ya kubebea mod, akahakikisha inalingana na toleo la gemu yake, akatupa kifaili kwenye folda. Kopi hakutoa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie fundi?

Kidirisha kikafunguka. *Watu wa nyumba hii ni wangapi?*

Cucu, nyanya yake, alikuwa kwenye kochi.

"Zacharia, watu hawahesabiwi," akasema. "Guka wako, marehemu mume wangu, hata mbuzi hakuhesabu. Aliwajua kwa rangi. Ukihesabu watu, unakiita kifo nyumbani."

"Ai, Cucu, hii ni gemu tu, bana." Akapiga tatu. "Mimi, wewe Rachael, na mtoto wetu Lenny."

"Na Cucu?" nikauliza.

"Huyo ashahesabiwa na makaburi."

Tukacheka. Mimi nilicheka sana, maana kikohozi cha huyo mzee kilikuwa kimenichosha.

Kwenye skrini watu watatu wakatokea getini. Mrefu, wa kati, mdogo. Hatukuwa tumegusa kitu chochote... wakageuka, wakatutazama.

Yule mrefu akaanza kuchimba.

Tok. Tok. Tok...

Alichimba chini ya miguu yake mwenyewe mpaka kichwa kikazama.

"Ni bug, gemu imekosea tu," Zacharia akasema, lakini alifunga laptop upesi.

Kesho yake mtaro ulimwangukia huko Thika, kwenye mjengo. Walipomtoa, mdomo wake ulikuwa umejaa udongo. Tulimzika Kalimoni, kwao.

Tulirudi kutoka mazishini jua likizama. Nyumba ilinuka udongo mbichi. Na laptop, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiwasha, ilikuwa inalia.

Tok. Tok.

Nikaifungua. Sasa ni yule mdogo aliyekuwa anachimba. Alikuwa amefika magotini. Nikamkimbilia mwanangu Lenny, aliyekuwa amelala kwenye kochi. Nilikuwa nimemwogesha asubuhi kwa mikono yangu.

Kucha zake zilijaa udongo mwekundu.

Nikafuta kile kifaili kwenye folda. Dunia ikakataa kufunguka, lakini mlio haukukoma. Nikakirudisha. Kopi ya zamani ingetuokoa, na kopi hatukuwa nayo. Nikampigia Sifuna.

"Flash gani, madam?" akauliza. "Mimi niko Bungoma kwa matanga. Cyber nimeifunga kitambo."

Nikapiga magoti mbele ya Cucu.

"Cucu, tafadhali. Wewe umeishi, umeona. Kubali nikuandike mahali pa Lenny."

Alinitazama bila haraka.

"Siku ile mliniacha nje ya hesabu mkicheka," akanong'ona. "Leo ndiyo mmejua niko? Kifo kimepewa hesabu yenu. Mimi hakinijui."

Akajikokota kwenda jikoni, akikohoa.

Nilimchukia. Nilimchukia kuliko hicho kitu kilichomuua mume wangu. Nikasema moyoni, akatae au akubali, nitamhesabu. Nikafungua kidirisha. *Watu wa nyumba hii ni wangapi?* Tulikuwa tumebaki wawili, na yeye wa tatu. Nikapiga tatu.

Yule mdogo akaacha kuchimba. Akapanda kutoka shimoni.

Nililia kwa furaha. Nikangoja getini atokee bibi kizee mwenye mgongo uliopinda.

Hakutokea.

Miguuni pa yule wa kati, ambaye ni mimi, palikuwa na kitu kidogo kilichojikunja. Hakikuwa na uso. Polepole kikaanza kukwaruza ardhi.

Cucu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama skrini, kisha akatazama tumbo langu.

"Kumbe Zacharia amekuachia mwingine," akasema.

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu kabla ya mazishi, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Ukirudisha mbili, Lenny anarudi shimoni," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akicheka. "Haya, chagua, mama Lenny. Wewe si ndiye unajua kuhesabu?"

Nilimtazama Lenny amelala, kucha zake safi. Nikafunga laptop bila kubadilisha kitu.

Maumivu ya tumbo yalinishika kabla sijafika alipolala.