Picha Iliyopata Utepe wa Bluu

Wiki ya maonyesho ya kilimo, Maren huamka mapema, hula mkate na mayai amesimama, kisha huenda mabandani na kamera shingoni. Ana miaka kumi na miwili. Kupiga picha alifundishwa na shangazi yake Lorna, mpiga picha za harusi hapa wilayani kwetu Nebraska.

Siku moja ya wiki hiyo alikwenda kwanza ukumbi wa picha. Yake ilikuwa na utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza, yaani ingeshindanishwa na za jimbo zima. Ilimwonyesha rafiki yake Tessa mwaka uliopita, siku ya mnada wa ng'ombe wa kuchinjwa, amemkumbatia maksai aliyemlea tangu akiwa ndama, analia. Watoto wa huku wote tumelia hivyo. Tunalilia nyuma ya zizi, tunajipangusa, tunarudi kwa wanunuzi.

Tessa aliingia na ndoo ya maji. Wavulana wawili walikuwa wamekumbatia nguzo mbele ya picha, wakijiliza kumwigiza Tessa. Aliwapita, akamkabili Maren.

"Ulikuwa wapi ulipoipiga?"

"Nyuma ya trela la nyasi."

"Umejificha. Kama mwizi wa kuku."

Maren alipandwa na hasira. Akamwambia majaji wameisifu, na kwamba ana wivu tu. Tessa akammwagia ile ndoo miguuni, akaondoka.

Viatu vikiwa chapachapa, Maren alikwenda kumshtaki kwa shangazi. Lorna aliitazama picha kwenye kamera kwa muda mrefu, akakubali kwamba ni nzuri sana. Kisha akauliza kama Tessa aliombwa ruhusa.

"Ningemwomba angeacha kulia, shangazi."

"Basi ungeikosa. Mimi nimekosa nyingi za namna hiyo, na bado kamera inanilisha."

Maren alinuna hadi mchana. Aliporudi ukumbini, wavulana wengine walikuwa kwenye nguzo. Aliibandua picha, akamrudishia jaji utepe, akaipeleka picha kwa Tessa bandani.

Tessa aliipokea bila asante. "Nimetoka vizuri," alisema, bado amekasirika. "Ndiyo maana inauma." Kesho yake angeuza maksai mwingine. Akamwambia Maren aje akitaka, ila asimame mahali anapoonekana.

Lorna alipoambiwa hakumpongeza.

"Jicho unalo, na hilo sikukupa mimi. Sasa jifunze kuomba, na ukinyimwa uishushe kamera. Usipoweza hilo, utazeeka ukivizia watu nyuma ya matrela."