Njia ya Mashua Baada ya Barafu

Kila mwaka, barafu ilipopasuka na kuondoka katika ghuba ya kaskazini ya Ufini, watu wa kijiji cha Lahdenperä walikuwa na kazi moja iliyotangulia nyingine zote: kuipima upya njia ya mashua iendayo kwenye kisiwa chao cha uvuvi. Pwani ile haitulii. Ardhi yake huinuka kidogo kidogo, hata banda la mashua lililojengwa ufukweni na mababu zao sasa limezungukwa na miti, na ng'ombe hula majani mlangoni pake. Nayo barafu, ikisukumwa na upepo, huyaburura mawe makubwa na kuyatua ipendapo. Kwa hiyo lazima mtu apite na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akigusa chini, kisha achomeke vijiti kuonyesha palipo na kina.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kazi hiyo alipewa Saimi, binti wa miaka kumi na miwili. Alianza vizuri, akiisukuma mashua tupu kwa upondo. Lakini upepo ulikuwa mkali, vidole vikafa ganzi, na buabua, ndege wa baharini waliorejea kutaga kwenye changarawe, wakawa wanamdonoa kofia. Alipofika nusu ya njia aliacha kupima, akachomeka vijiti vilivyobaki kwa kukumbuka tu vilikokuwa mwaka jana.

"Umepima mpaka kisiwani?" mjomba wake, Arvo, alimwuliza mezani.

"Nimepima, mjomba."

"Upesi hivyo?" akadakia Oskari, mtoto wa mjomba. "Au samaki walikushikia upondo?"

"Wivu huo! Wewe mwaka jana uliuangusha majini, ukarudi unalia."

"Nyamazeni, tumshukuru Mungu tule," akasema mjomba. "Kesho tunatega nyavu."

Asubuhi, mjomba na mama yake Saimi walipokuwa wakipakia nyavu, Saimi alikwenda kuketi juu ya jiwe kubwa la ufukweni, kiti chake tangu utotoni. Hakulikuta. Mahali pake palikuwa na mfuo mrefu mchangani, kana kwamba pamelimwa kwa jembe, ukiingia majini kuelekea vile vijiti alivyochomeka bila kupima.

Akageuka kutazama gatini. Mashua, mama na mjomba wakiwa ndani, ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, nayo ndiyo pekee waliyokuwa nayo, na maji ya majira yale humwua mtu upesi kwa baridi. Akisema, kijiji kizima kitajua, na upondo atapewa Oskari. Akinyamaza, huenda mashua ikapita salama. Huenda.

Alikimbia mpaka ncha ya gati. "Mjomba, simama! Sikupima! Nusu ya pili sikupima!"

Injini ikanyamaza.

"Nilijua mimi!" Oskari akapiga kelele kutoka ufukweni.

Mjomba alirudisha mashua gatini. "Ingia. Shika upondo," akasema.

Saimi akasimama mbele, akigusa chini huku mashua ikienda polepole. Mchanga. Mchanga tena. Mara, ko! Jiwe lilikuwa katikati ya vijiti vyake, limefunikwa na maji ya kimo cha goti.

"Ee Mungu wangu," mama yake akanong'ona.

"Kuchoka si kosa, Saimi," akasema mjomba. "Ungeniambia umeishia katikati, ningekupa glavu kavu na kahawa ya maziwa, ukamalizia baadaye. Lakini ulisema umepima, nami nikampakia mama yako juu ya neno hilo. Vijiti ni alama tu; sisi tunasafiri juu ya ukweli wa aliyevichomeka. Leo umeusema ukweli ukiwa mchungu, tena mbele ya Oskari. Mungu akuzidishie moyo huo."

"Basi upondo nimpe yeye?"

"Yeye abaki kutuchemshia supu. Wewe endelea, kisiwa bado kiko mbali."

Saimi akafuta machozi, akautia upondo majini upande wa pili wa jiwe. "Mchanga!" akaita. "Kina kipo!" Mjomba akaiongoza mashua taratibu, akiifuata sauti yake.