Kiti Chekundu Dirishani

Kiti kilikwaruza sakafu ya mbao, kikatulia, kikakwaruza tena. Nje bado giza. Sidsel alijifunika blanketi hadi masikioni, lakini alishajua: bibi yake, Gerda, anasogea dirishani. Dirisha la fleti yao lilikuwa juu mno. Bibi alilazimika kuweka mito miwili juu ya kiti ndipo awaone watu wakipita na baiskeli kwenda kazini.

"Bibi, lala kidogo jamani!"

"Nilale, nimkose yule wa mbwa kikapuni?"

Sidsel alikuwa msanifu majengo. Tangu amalize chuo alikuwa akiwachorea wakubwa wake maegesho ya magari. Sasa jiji la Kopenhagen lilikuwa limetangaza shindano la kusanifu nyumba mpya ya wazee kando ya bandari, naye akaamua kuingia peke yake. Alitaka madirisha yashuke hadi usawa wa goti, ili hata mtu aliyelala kitandani auone mtaa. Alishashindwa katika mashindano mengine kabla ya hapo. Hili alilishika kwa meno.

Asubuhi hiyo aliufunga mfano wa jengo lake, wa kadibodi, kwenye baiskeli yake yenye sanduku la mizigo mbele, akaelekea kazini. Juu ya Daraja la Malkia Louise baiskeli zilikuwa zimebanana, upepo unavuma, mvua inachoma uso. Mtu akamgonga kwa nyuma. Paa likaruka, kuta na viti vidogo vya ndani vikatawanyika barabarani.

"We! Huna macho?"

"Macho ninayo. Breki ndizo zimenikana!"

Kijana mrefu, sweta ya sufu ya buluu, nywele zimelowa. Watu walipiga kengele na kulalamika, lakini yeye aliilaza baiskeli yake chini kuwazuia, akapiga magoti kwenye lami. Aliokota ukuta mmoja mmoja, na kila alichookota alikifuta kwanza kwa mkono wa sweta. Sidsel akashindwa kuendelea kufoka.

Jioni simu ikalia. Mpigaji alikuwa ameiona namba ya Sidsel ubavuni mwa sanduku la baiskeli.

"Ni yule mbomoaji. Naitwa Esben. Nimekuta kiti chako kwenye mkunjo wa suruali yangu. Chekundu, kidogo kama ukucha."

"Kilete. Na ulete keki za mdalasini, umenibomolea nyumba nzima."

"Nyumba nzima kwa keki? Bei nzuri. Naleta nne."

Alikuja. Alikuwa muuguzi wa wazee, na Bibi Gerda alimpenda tangu siku hiyo, kwa sababu hakuinama kuzungumza naye kama watu wanavyoinamia mtoto. Alivuta kigoda akakaa, macho yao yakawa sawa.

Sidsel aliujenga mfano upya, akakiweka kile kiti chekundu dirishani, akaupeleka shindanoni. Kazi za shindano huenda na namba tu. Majina hukaa kwenye bahasha zilizofungwa mpaka waamuzi wamchague mshindi, na mshiriki hatakiwi kujitangaza. Hata Esben hakuambiwa ni shindano lipi. Kiangazi kizima waliogelea bandarini, wakala samaki wa siki na mkate mweusi, wakacheka.

Majani yalipoanza kudondoka, simu ikalia tena.

"Sidsel, mpenzi... tusionane kwa muda."

"Kuna nini?"

"Siwezi kusema."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Niamini tu."

"Nikuamini gizani? Esben, mimi kazi yangu ni madirisha!" Akakata simu.

Alilia. Kisha akanawa uso, akachonga penseli, akarudi kwenye meza yake. Hakuwa mtu wa kulala kwa sababu ya mwanamume. Ila kuna kitu alikiona: mito ya bibi imeshonewa foronya mpya, na kabatini kuna mkate mweusi ambao yeye hakununua.

"Nani kaleta mkate?"

"Siku hizi mikate inajileta," alisema Bibi, macho dirishani.

Siku ya matokeo, ukumbi wa jiji ulijaa. Sidsel alivaa koti lake jeusi na skafu ya manjano ya bibi. Bahasha ikafunguliwa: jina lake! Mwenyekiti wa waamuzi, mama mwenye mvi, akamshika mikono.

"Ushindi wako ni safi kabisa, binti. Tulimwita muuguzi mmoja, Esben, awe mwamuzi badala ya muuguzi mwenzake aliyevunjika mguu. Alipoziona tu kazi zenu akasema, 'Humu kuna kazi ya mtu wangu, nitoeni.' Hakusema ipi; jina lako aliliacha kwenye bahasha, tumeifungua leo. Nasi tukamwapisha asimwambie mtu yeyote, wala asionane na huyo mtu wake, mpaka leo."

Sidsel akaelewa. Neno moja tu la Esben, kwa waamuzi au kwake, na ndoto yake yote ingetupwa nje. Akakimbilia baiskeli.

Nyumbani alimkuta Esben amepiga magoti, anabandika vitambaa chini ya miguu ya kiti cha Bibi.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Leo Jumanne," Bibi akajibu. "Kila Jumanne huja, ukiwa kazini. Aliniomba nisikuambie."

"Vitambaa hivi ni vya nini?"

"Kiti kisikwaruze," Esben akasema, hajainua uso. "Kisikukatishe usingizi."

"Vibandue. Nitaamshwa na nini, mbomoaji wewe?" Sidsel akavua skafu. "Nimeshinda. Wameniambia yote."

Akapiga magoti mbele yake, akatoa mfukoni kiti kingine kidogo chekundu, alichokichonga siku zile za hasira, mwenyewe hajui kwa nini. Akakiweka kiganjani mwa Esben.

"Dirisha lile linatosha viti viwili. Nimepima. Utakaa?"

"Nitakaa," alisema Esben, akakifumbata. "Nitakaa, mpenzi, mpaka nizeeke."

Usiku Esben alipokuwa anavaa koti kwenda zamu yake, Bibi Gerda alimshika mkono mlangoni.

"Njoo tena, mwanangu," alisema. "Na usingoje Jumanne."