Michoro ya Miguu Si Mali ya Wakala

Hakuna mtu mwenye miguu iliyolingana kabisa. Mama Viatu huwaambia wateja wake hivyo kila siku, akiwa amepiga magoti sakafuni na penseli mkononi. Mguu mmoja huuzidi mwenzake, kwa urefu au kwa upana.

"Kwa hiyo usione aibu," husema. "Wa kwako umezidi kidogo tu."

Mama Viatu hutengeneza viatu vya watu ambao maduka yamewakataa. Yuko aliyeungua mguu akiwa mdogo. Yuko mwenye mguu mmoja mfupi. Yuko mwalimu mwenye kisukari, ambaye kiatu kikimbana kidogo tu anapata kidonda. Karakana yao ni chumba kirefu nyuma ya duka la rangi. Mbele kuna kiti cha wateja. Katikati kuna meza ya kukatia ngozi, na hapo ndipo anapofanya kazi mumewe. Karibu na dirisha kuna fundi wa cherehani. Harufu ya gundi haitoki humo hata ufungue kila kitu.

Mumewe huitwa Bwana Sawa na mtaa mzima. Ukimwomba nyundo yake, sawa. Ukimwambia umeipoteza, sawa. Ni fundi hodari na mtu mwema. Ila neno "hapana" halijawahi kumtoka kinywani.

Zamani michoro ya miguu ilikaa kwenye makaratasi. Ilijaa masandukuni, panya wakaitafuna wakashiba. Ndipo akaja wakala wa programu za kompyuta. Programu hazikuwa zake. Zilitengenezwa na kampuni kubwa, yeye aliziuza kwa niaba yao. Watu walimwita Usijali, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali.

"Usijali, mama," alisema siku ile. "Programu hii huinunui mara moja kama nyundo. Unailipia kila mwezi, kama umeme. Michoro yenu inatunzwa kwenye kompyuta kubwa za kampuni, huko mbali. Wenyewe wanasema iko kwenye wingu. Nyumba ikiungua, michoro ipo. Panya watajua wenyewe watakula nini."

Nitasema kweli hata ya mtu aliyeniudhi: programu ilikuwa nzuri. Mama Viatu alichora mguu, akapiga picha, akaandika vipimo. Papo hapo mumewe akaviona kwenye kompyuta ya meza yake, na fundi wa cherehani akaviona kwenye ya kwake.

Kosa lilifanyika wakati wa kujiandikisha. Usijali aliuliza msimamizi wa akaunti awe nani.

"Naweza kuweka barua pepe yangu tu," alisema, "niwaondolee usumbufu."

Mama Viatu alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, hakusikia vizuri. Mumewe alisikia.

"Sawa," alisema Bwana Sawa.

"Usijali," alisema Usijali.

Basi, yakaisha. Mkataba mzima ulifungwa kwa maneno mawili! Hakuna aliyeuliza msimamizi ni nani, wala ana nguvu gani.

Jambo moja tu Mama Viatu alilikataa. Biashara ilihitaji jina la mtandaoni, lile linalokaa mwishoni mwa anwani ya barua pepe. Usijali alitaka kulisajili yeye.

"Hapana," alisema Mama Viatu. "Mtoto nimzae mimi, halafu cheti kiandikwe jina la jirani?" Akalisajili na kulilipia mwenyewe kwa simu yake. Makaratasi ya zamani wakayaingiza yote kwenye programu, kisha wakayatupa.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Halafu asubuhi moja maneno yakatokea kwenye kompyuta: "Usajili wenu unakwisha mwisho wa mwezi. Wasiliana na msimamizi wako."

"Msimamizi si mimi?" aliuliza Mama Viatu.

Usijali alikuja siku hiyo hiyo na karatasi za kusaini.

"Sasa mnahamia kifurushi kikubwa," alisema. "Kina nafasi za watu ishirini. Mnasaini miaka mitatu."

"Sisi tuko watatu. Hao wengine watakaa wapi, juu ya dari?"

"Usijali, mama. Biashara itakua."

"Na tusiposaini?"

Usijali alitazama ncha za viatu vyake. "Akaunti iko kwenye jina langu. Nikiifunga, michoro yote inapotea. Sitaki tufike huko."

Bwana Sawa alikuwa ameshashika kalamu.

"Weka kalamu chini," mkewe alimwambia.

"Mke wangu, heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Mimi sitaki hata robo." Mama Viatu akamgeukia wakala. "Sisaini. Miguu hii nimeichora mimi, nikiwa nimepiga magoti. Magoti yalikuwa yangu, hayakuwa yako!"

"Mwisho wa mwezi, mama," alisema Usijali, akaondoka na karatasi zake.

Alipokwisha kutoka, Mama Viatu alikaa kwenye kiti cha wateja na kulia. Alilia kwa hasira, na alilia kwa woga. Mguu wa yule mwalimu umebadilika mara nyingi. Kila badiliko limo kwenye michoro, na michoro hiyo ndiyo inayomwonyesha fundi mahali pa kuacha nafasi. Mguu wa mwaka juzi utauchora wapi leo?

"Tumwite mdogo wangu?" aliuliza Bwana Sawa.

Mdogo wake ni mwanamke anayetunza kompyuta za kliniki. Yeye na Mama Viatu ni mawifi wa kutaniana, na utani wao una pilipili.

"Leo wifi kanikumbuka!" alisema wifi mlangoni, kesho yake mchana. "Lazima kuna moto."

"Upo. Kaa, nitakusimulia."

Alisimuliwa yote. "Umeshamtukana?" aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo chako nakijua. Hasira hasara, wifi. Michoro bado inafunguka?"

"Bado."

"Basi pakua nakala ya yote leo, uiweke kwenye diski yenu hapa. Usigombane na mwenye mlango wakati vyombo vyako viko ndani."

Bwana Sawa alichomeka diski. Michoro ilianza kuingia, mmoja baada ya mwingine. Wifi akaendelea.

"Mnajua kazi ya dalali wa nyumba. Anakutafutia chumba. Anaweza hata kupokea kodi yako. Je, godoro lako linakuwa lake?"

"Thubutu!" alisema Mama Viatu.

"Wakala wa programu ni hivyo hivyo. Nyumba ni ya kampuni iliyotengeneza programu. Vyombo vilivyomo ni vyenu. Unaweza kumwacha dalali mmoja ukaenda kwa mwingine, na godoro likabaki pale pale. Lakini ninyi mlimpa funguo zote. Mlimfanya msimamizi mkuu. Mwenye cheo hicho ndiye anayefungua na kufunga, ndiye anayeingiza watu na kuwatoa."

Bwana Sawa aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo mawakala wote ni wezi?"

"Hapana, kaka. Wakala mzuri ni msaada mkubwa. Sisi kliniki tunanunua kwa wakala. Anatufundisha. Tukikwama anapokea simu. Tunalipia nafasi za watu tulio nao tu. Ila yeye ana ruhusa ndogo, ya malipo na ya kutusaidia. Msimamizi mkuu ni sisi." Akamtazama wifi yake. "Na jina la mtandaoni? Nalo alilisajili yeye?"

"Hilo nilimkatalia."

Wifi alipiga makofi. "Ukaidi wako leo umekuokoa! Kwanza mwandikie, kwa adabu, akukabidhi usimamizi. Akikataa, iandikie kampuni yenyewe. Ambatisha leseni ya biashara na risiti za malipo. Watakupa namba ya kuweka kwenye mipangilio ya jina lako la mtandaoni. Hapo ni mwenye jina tu anayeweza kuingia. Ukiiweka, wamejua biashara ni yako."

"Na wasiponijibu?"

"Ndiyo maana tunachukua nakala. Mimi siahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwangu."

Mama Viatu aliandika barua pepe kwa Usijali. Ya kwanza ilikuwa na tusi, wifi akalifuta. Ya pili ilikuwa na adabu. Usijali alijibu kwa maneno machache: "Haiwezekani kiufundi."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Inawezekana, tena ni kazi ndogo. Mama Viatu akaiandikia kampuni, akaambatisha kila alichoambiwa.

Kampuni ilikaa kimya. Mwezi ukaisha, na kompyuta zote tatu zikaandika: "Akaunti imefungwa."

Usijali alifika na karatasi zake wakati wateja wamejaa. Alimkuta Mama Viatu anachora mguu wa mtu.

"Naona mmekwama, mama."

"Hatujakwama. Tuna nakala."

"Nakala zitawachosha."

Hilo lilikuwa kweli. Michoro ilikuwa kwenye kompyuta moja tu sasa, na mafundi walipishana kuitazama. Jana yake fundi wa cherehani alikuwa ameshona kisigino kwa vipimo vya mtu mwingine. Ilibidi kifumuliwe chote.

"Basi tutachoka," alisema Mama Viatu. "Tutachoka tukiwa wenye mali yetu. Wewe umezoea watu wanaoogopa maneno wasiyoyaelewa. Mimi sikuyaelewa, nikauliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kunyamaza."

Wateja waliguna. Usijali alimgeukia mwenye meza ya ngozi.

"Mzee, wewe ni mtu wa busara. Saini tuyamalize."

Bwana Sawa alifungua kinywa. Kila mtu alijua neno litakalotoka. Halikutoka. Alifunga kinywa, akachukua kisu chake, akaendelea kukata ngozi. Usijali alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Siku chache baadaye kampuni ilijibu. Waliuliza maswali, Mama Viatu akayajibu. Wakatuma namba. Aliingia kwenye mipangilio ya jina lake la mtandaoni, akaiandika. Kesho yake kampuni ikamfungulia akaunti. Sasa jina lake lilikuwa na maneno mawili pembeni: msimamizi mkuu.

Aliitafuta michoro ya mwalimu. Ilikuwepo. Yote ilikuwepo! Kumbe akaunti kufungwa si kufutwa. Lakini msomaji, usilegee kwa sababu hiyo. Ukikaa muda mrefu bila kulipia, kampuni hufuta kweli. Mama Viatu alilipia mwezi ule, akamtoa Usijali kwenye akaunti kwa mkono wake mwenyewe. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

Mwalimu alikuja kuchukua viatu vyake vipya. Alitembea mpaka barabarani akarudi. Akavivua, akakagua miguu yake kila upande. Hapakuwa na wekundu popote.

"Umeniwekea nafasi pale pale panaponisumbua," alisema. "Ulikumbukaje?"

"Sikukumbuka. Nilichora."

Baada ya hapo Mama Viatu alitafuta wakala mwingine. Alikuja mwanamke mmoja, akakaribishwa kwenye kiti cha wateja, akaulizwa maswali mpaka akavua koti.

"Tunalipia nafasi za watu wangapi?"

"Mlio nao. Watatu."

"Nikiajiri mtu?"

"Unaongeza nafasi."

"Na akiacha kazi?"

"Kama mnalipa mwezi kwa mwezi, mnaipunguza mwezi ukiisha. Mkifunga mkataba wa mwaka bei inashuka, ila hampunguzi mpaka mwaka uishe."

"Mwezi kwa mwezi, basi. Na siku nikitaka kukuhama wewe?"

Wakala alicheka. "Sijakaa vizuri, unanifukuza?"

"Nauliza tu."

"Michoro ni yenu. Nitawaachia, mwende mnakotaka."

"Iandike kwenye mkataba."

Akaiandika, na Mama Viatu akaisoma kabla ya kusaini.

"Jambo la mwisho," alisema wakala. "Awepo msimamizi mkuu wa pili. Wewe ukiugua, kazi isisimame. Kila mmoja awe na neno lake la siri. Msiambiane, wala msiniambie mimi."

"Mwekeni mdogo wangu," alisema Bwana Sawa haraka.

"Mdogo wako ana kliniki yake," alisema mkewe. "Utakuwa wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Bwana Sawa alifuta gundi vidoleni. Akakaa mbele ya kompyuta. Akazungusha mkono wa kushoto kuziba vitufe, akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Mama Viatu hakuweza kuvumilia. Mazoea yana taabu.

"Umeweka neno gani?" aliuliza.

Mumewe alimtazama. Akamtazama wakala.

"Sikwambii," alisema.

Fundi wa cherehani alisimamisha mashine ili asikie vizuri.

"Sikwambii," alirudia Bwana Sawa, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akainuka, akarudi kwenye meza yake kukata ngozi.